Ile Aliyoiomba Baba

Nyumbani kwetu majina hayakutumika. Tulikuwa nayo, tena kwa wingi, kwa sababu serikali ilipotuamuru kuacha majina ya watakatifu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kila mtu mzima pale Kolwezi, mji wetu wa migodi kule Kongo, alibaki na jina la zamani moyoni na jina jipya kwenye kitambulisho. Lakini mama hakumtaja baba kwa lolote kati ya hayo mawili. Kwao Kasai mke hafanyi hivyo. Alimwita Tata, yaani baba, na akizungumza na majirani alisema "ule wa mu nyumba". Baba naye alimwita Mama ya Mapasa, ingawa mapacha wenyewe walikufa kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikuwa "ule mukubwa", na nikazoea kuitwa hivyo; hata wadogo zangu walipokwisha kuolewa na kuhama, niliendelea kuwa ule mkubwa wa nyumba yenye mtoto mmoja.

Kitu pekee kilichotamkwa kikamilifu ni namba ya baba ya kazi, aliyopewa na kampuni ya mgodi. Hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, ghala la unga la kampuni, kote ulipofika ukiulizwa "Mutoto ya nani?" hukujibu jina, ulijibu namba. Niliijua namba ya baba kabla sijaijua sala ya Baba Yetu, na siku moja padri aliponiuliza nani aliniumba, nusura nimtajie namba.

Kwa hiyo msomaji asinione mwenye siri ikiwa humu ndani simtaji mtu. Sifichi kitu. Nimelelewa hivyo, na uzee huu si wakati wa kubadili kinywa.

Baba alikuwa mtoboaji wa mwamba. Alianza Mutoshi, kwenye shimo la wazi ambako mtu anafanya kazi akiliona jua, kisha akahamishwa kwenye mgodi wa chini. Watu wa chini walikuwa na desturi zao, na moja ndiyo iliyokuja kutugharimu. Kabla ya kushuka, kila mchimbaji alipita lampisteri, chumba cha taa. Pale alitoa jetoni yake, kipande cha shaba kilichochongwa namba yake, kikatundikwa kwenye ubao mkubwa wa misumari, naye akapewa taa ya kichwani. Akipanda, anarudisha taa, anarudishiwa jetoni. Hivyo basi, ukiutazama ubao wakati wowote unajua nani yuko chini ya ardhi. Jetoni iliyotundikwa ni mtu ambaye hajapanda. Wachimbaji waliiheshimu kuliko rozari. Baba akija nyumbani aliitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na mama alikuwa haruhusiwi kulifua shati hilo kabla hajaitoa yeye mwenyewe.

Chini kule hakufanya kazi peke yake. Mtoboaji ana mwenzake anayeshika chuma, anayeondoa mawe, anayesikiliza dari. Mwenzake baba alikuwa mtu mzima wa Lubudi, mfupi, mchekeshaji, mwenye kupenda karanga kupita kiasi. Walifanya kazi pamoja miaka mingi. Jumapili baada ya misa alikuja kwetu na karanga zake kwenye kofia, wakaketi na baba nyuma ya nyumba, wasizungumze. Nilikuwa nikishangaa. Mtu anasafiri kutoka kambi moja kwenda nyingine ili anyamaze? Mama aliniambia kwamba chini kuna makelele ya mashini, kwa hiyo wamezoea kuongea kwa midomo na kwa nyusi. Ni kweli. Baba alisukuma midomo mbele kidogo, na yule akasogeza kofia ya karanga. Akainua nyusi, na yule akacheka. Walikuwa wamekwisha kusema yote.

Mimi nilipata kazi kwenye ofisi ya kampuni hiyo hiyo, chumba cha mashini. Watu wa siku hizi wanasema kompyuta. Sisi tulisema mashini tu, kama vile hapakuwa na nyingine yoyote mjini, na mji mzima ulikuwa mashini. Nilikaa mbele ya kioo cheusi chenye herufi za kijani. Kazi yangu ilikuwa kuiuliza habari za vipuri vya ghalani kwa niaba ya wanaume waliokuja dirishani wakiwa wamepakaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Mama, uniulizie kama ile pompe iko."

"Pompe gani, tata?"

"Ile!" Na midomo inasukumwa kuelekea ukutani, kana kwamba ukuta ni wa kioo na nyuma yake mimi naiona pampu yenyewe, kule bondeni, inavyovuja.

Kumbe mara nyingi niliijua. Yule aliyekuja jana aliilalamikia pampu ile ile, na wa juzi pia. Lakini mashini haikuijua. Ilitaka namba yake yote, bila kukosea. Ukikosea, iliandika neno moja kwa Kifaransa, *référence inconnue*, yaani sijui unazungumzia kitu gani. Ukiandika sawasawa, ilijibu. Kisha ukitaka kuuliza jambo la pili juu ya pampu ile ile uliyoitaja sasa hivi, ilikuwa imekwisha kuisahau. Namba upya. Kila swali lilikuwa la kwanza.

Hilo lilinitesa kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Watu wawili wakiwa wanazungumza, aliyetajwa mara moja anakuwa kama mgeni aliyepewa kiti. Mnaendelea kusema "yeye" na "huyo" mpaka jioni, na hakuna anayeuliza yeye nani. Mashini haikumpa mtu kiti. Mkubwa wetu wa kazi, bwana aliyesoma Ulaya na aliyevaa koti hata mwezi wa kumi wenye joto kali, aliniona siku moja nikiigombeza, akacheka. "Mama, mashini haina ndugu," alisema. Nilimchukia kwa kauli ile, na tangu hapo nimeirudia mara nyingi kuliko methali za bibi yangu.

Siku ya ajali nilikuwa pale pale. King'ora kililia asubuhi, wanawake wakaanza kukimbia barabarani na vitambaa vya jikoni mikononi. Dari ya handaki ilikuwa imeanguka mahali alipokuwa baba na mwenzake. Waokoaji walimfikia baba. Hawakuweza kumpandisha kwa lifti ya kawaida, wakampitisha kwenye shimo la hewa, upande wa pili wa mgodi, na moja kwa moja akaingizwa kwenye gari la hospitali. Mwenzake hawakumfikia. Walijaribu tena, dari ikaendelea kuanguka, na baadaye wakaamriwa kuacha na handaki likafungwa kwa ukuta. Aliombewa kanisani bila jeneza, na mke wake akapanda treni na watoto, wakarudi Lubudi.

Baba aliishi. Aliwekewa bandeji kichwani, mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa unaburuzwa kidogo. Lakini alipofungua kinywa tulijua kwamba kuna kitu kimebaki chini. Majina ya vitu yalikuwa yamekwenda. Yote. Alikuwa na maneno machache tu: hii, ile, hapana. Daktari alinieleza kwamba hajawa mjinga. Kikombe anakijua, maji anayajua, binti yake anamjua. Anachokosa ni neno la kukiita. Nilimuuliza kama maneno yatarudi. Alisema tusiyangoje.

Basi tukaanza maisha ya ile.

Mama alikuwa hodari ajabu. Ile ya asubuhi ilikuwa maji ya kunyoa. Ile yenye macho mlangoni ilikuwa kiti chake kitolewe nje. Ile ya kukunja pua ilikuwa sombe, kisamvu chetu, imeungua. Baba alisema "ile", mama akainuka bila kuuliza, akarudi na kitu chenyewe, na baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi niliyekuwa nashinda na mashini isiyoelewa kitu bila namba, nilikaa pembeni nikiwatazama, na sitasema uongo, nilimwonea mama kijicho. Kumbe miaka yote ile ambayo mimi niliona kwamba hawazungumzi, alikuwa anajifunza.

Lakini kulikuwa na ile moja iliyomshinda.

Ilikuja kila siku, mchana, saa ya zamu kubadilishana, wachimbaji wa asubuhi wanapopita barabarani wakirudi na vumbi lao. Baba, akiwa ameketi nje, aliugeukia mnara wa mgodi unaoonekana juu ya mapaa. Aliinua mkono wa kushoto, vidole vimebana kama mtu anayeshusha kitu kidogo kutoka mahali pa juu. "Ile," alisema. Mwanzoni kwa utaratibu. Halafu kwa nguvu. Halafu kwa sauti ambayo mtoto aliyepotea sokoni anaitumia.

Tulishusha kila kitu kilichoning'inia ndani ya nyumba. Kofia. Hapana. Koti la Jumapili. Hapana. Msalaba wa juu ya kitanda, picha ya harusi, redio iliyokaa juu ya kabati, kamba ya vitunguu, mwavuli wa marehemu shangazi. Mama alimletea hata balbu ya umeme.

"Njo hii, Tata?"

"Hapana. Ile."

"Basi uonyeshe muzuri. Iko mu nyumba?"

"Hapana."

"Iko ku kanisa?"

"Hapana! Ile, ile."

Na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya hasira, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kulia. Nilimwambia mama tuache, tunamtesa bure. Akanigeukia kwa ukali ambao sijausahau.

"Mutu akikufa na neno mu kinywa, nyumba haipate usingizi. Miye nitaitafuta."

Aliamini hivyo, kama walivyoamini wazazi wake: ombi la mgonjwa lisipotimizwa, linabaki ndani ya kuta na kuwasumbua wanaobaki. Na muda haukuwa mwingi. Baba alikuwa ameanza kushikwa na maumivu ya kichwa yaliyomfanya aume shuka, na daktari alikuwa amenivuta kando na kunieleza kwamba damu inaendelea kuvuja humo ndani taratibu, na kwamba si rahisi aone mvua nyingine. Mama sikumwambia. Nadhani alijua.

Lipo jambo jingine tulilolifanya, na lazima nilieleze hapa. Tulikubaliana kumficha baba habari za mwenzake. Mama ndiye aliyetoa amri, nasi tukaiona kuwa ni busara. "Musimutaje ule. Roho itamupasuka." Wageni walionywa mlangoni kabla hawajavua viatu. Siku moja katekista mzee alijisahau, akaanza, "Na ule mwenzako, Mungu amu..." na mama akaangusha kifuniko cha sufuria kwenye sakafu, kwa makusudi, kwa kishindo kilichomshtua mbwa wa jirani. Katekista akanywea. Karanga hazikununuliwa tena nyumbani kwetu. Lubudi haikutajwa, hata treni yake ikipiga honi. Tulijiona watu wema sana.

Ikafika siku hospitali ilipotaka karatasi kutoka ofisini kwetu, kuthibitisha kwamba baba bado ni mfanyakazi. Jambo dogo. Siku zile mashini ilikuwa imeongezewa kazi: pamoja na vipuri, ilijua pia watu, kwa sababu lampisteri ilileta kila siku habari za waliotundika jetoni na waliozichukua. Nikaketi, nikaandika namba ya baba. Vidole viliijua vyenyewe. Nikauliza yuko wapi.

*Au fond*, ikajibu. Yuko chini.

Nikaandika tena. Mashini haichoki kuulizwa, ndiyo sifa yake moja. *Au fond*. Wakati huo baba alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kiti chake nje, na blanketi magotini.

Nilikwenda kwa mkubwa na koti lake. Akaja, akatazama, akaelewa mara moja, akacheka kwa pua. Baba hakupita lampisteri siku ile. Alipitishwa kwenye shimo la hewa. Taa yake ilibaki kwenye kifusi. Kwa hiyo jetoni yake haikurudishwa, bado iko kwenye msumari, na kwa mashini, mwenye jetoni kwenye msumari hajapanda. "Haikukosea," alisema. "Sisi ndio hatukuiambia." Akarudi ofisini kwake ameridhika, kama fundi aliyegundua kwamba saa yake inakwenda sawa ila dunia ndiyo imechelewa. Mimi nilifunga kitambaa changu kichwani kwa hasira, nikaondoka.

Hasira hiyo nilikwenda nayo nyumbani. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu, baba akisaidiwa na mama, nami nikaimwaga pale pale mezani, nikicheka kicheko kibaya.

"Mama, ku mashini banasema Tata eko chini mpaka leo. Jetoni yake ingali ku musumari ya lampisteri."

Tonge likamwanguka baba. Aliinua mkono wa kushoto, vidole vimebana, akashusha kitu kisichoonekana kutoka juu ya kichwa chake.

"Ile," alisema. "Ile, ile, ile."

Mama alipiga makofi, akasimama, akakaa, akasimama tena. Alinikumbatia nikiwa na bukari mkononi. Jetoni! Kwa nini hatukufikiria? Kitu cha juu, kidogo, cha kushusha kwa vidole, cha saa ya kubadilishana zamu, kule kwenye mnara. Mchimbaji gani atatulia nyumbani huku jetoni yake inaning'inia ubaoni? Baba alikuwa anatuambia kwamba hajapanda. Tulicheka na kulia. Hata mashini niliisamehe jioni ile, nikasema basi, mjinga naye ana siku yake.

Asubuhi nilikwenda lampisteri mwenyewe. Mlinzi wa taa alikuwa mtu mnene aliyevaa skafu shingoni, kwa kuwa ulikuwa wakati wa baridi, ule wa vumbi jekundu na midomo kupasuka. Alinisikiliza kwa heshima. Akakataa.

"Jetoni haichukuliwe na mutoto, mama. Mwenye alishuka njo mwenye kupanda. Umulete mwenyewe."

Ningeweza kubishana. Sikubishana, kwa sababu nilijua baba angesema vile vile.

Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu wa kutoka mashariki, aliyesafirisha unga na mafuta kwa kamioneti yake hadi Lubudi na zaidi. Alikuwa mtu wa maneno machache na sala nyingi. Mama alipomweleza, hakuuliza mafuta wala muda. "Tata ni mukubwa wetu," alisema. "Aketi mbele na miye." Tukampandisha baba, amevaa koti la Jumapili, mimi na mama tukakaa nyuma kati ya magunia. Njiani mama aliimba nyimbo za Kasai kwa sauti ya chini, nyimbo za kumpokea mtu aliyerudi safari. Sikumbuki siku nyingine nilipomwona amefurahi vile.

Tulifika zamu ya asubuhi imekwisha kupanda na ya mchana bado inajipanga nje. Watu waliokuwa uani walimtambua baba, wakavua kofia zao ngumu, wakatupisha. Ndani kulinukia mafuta na betri. Ubao ulikuwa mtupu, safu kwa safu za misumari, na katika ubao wote zilining'inia jetoni mbili tu, bega kwa bega. Niliziona zote mbili. Nataka hilo lieleweke. Niliziona kwa macho yangu, nikatazama moja.

Mlinzi wa taa akasimama wima nyuma ya meza yake.

"Taa iko wapi, tata?"

Mama akajibu kwa niaba yake, "Taa ilibakia kule."

Yule mtu akafikiri. Kisha akageuka, akatoa taa moja kwenye rafu, akazunguka meza na kuiweka kwenye mkono wa kushoto wa baba, akavifunga vidole vya baba juu yake kimoja kimoja. Akarudi nyuma ya meza. Akanyoosha mkono wake, kama alivyofanya kila siku kwa kila mtu.

"Umepanda, tata?"

Baba akampa taa. Mlinzi akaipokea, akaishusha jetoni kutoka kwenye msumari, akaiweka kiganjani mwa baba. Mama alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo kwa aibu. Mimi nililia waziwazi. Jirani yetu alikuwa ameinamisha kichwa mlangoni. Nilisema moyoni, sasa imekwisha, sasa atalala.

Baba aliitazama jetoni yake. Aliigeuza, akaipitishia kidole gumba kwenye namba. Akainua uso.

"Hapana," alisema.

Akasukuma midomo mbele, kuelekea ubaoni, kama alivyosukuma midomo Jumapili nyuma ya nyumba ili aletewe karanga.

"Ile."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimshika kiwiko, nikamwambia, "Tata, uko nayo mu mukono." Akanisukuma. Mlinzi wa taa ndiye aliyegeuka kufuata midomo ile, akaiona jetoni iliyobaki. Sauti yake ilishuka.

"Ile haiko ya kwako, tata. Ile mwenyewe hayapanda bado."

"Ile," baba akasema. Safari hii hakupiga kelele. Alimtazama mama.

Mama akakaa chini. Pale pale kwenye sakafu ya saruji, na kitambaa chake kizuri, miguu imenyooka mbele kama mwanamke aliyefikiwa na habari ya msiba. Maana habari ilikuwa imefika sasa. Tangu siku ya kwanza kule hospitali, na bandeji mbichi kichwani, baba alikuwa anamuulizia mwenzake. Sisi tulionya wageni, tukaangusha vifuniko vya sufuria, tukazika karanga na Lubudi ili asije akamkumbuka. Naye kila mchana aliketi mbele yetu akituomba habari za mtu huyo huyo, na sisi tukamletea kofia, tukamletea mwavuli, tukamletea balbu. Mama, aliyeelewa ile zote, hakuielewa hiyo kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameikataza.

"Tata," mama alisema kutoka sakafuni. "Ule hayapanda. Hatapanda. Tulikuficha."

Baba alitikisa kichwa taratibu, kile kichwa cha kuridhika, cha mtu aliyeletewa kitu chenyewe. Halafu akaukaribia ubao akiburuza mguu. Aliinua mkono wa kushoto, vidole vimebana, ile ishara tuliyoiona kila siku na kudhani kwamba ni ya kushusha. Akaitundika jetoni yake kwenye msumari wake, kando ya nyingine.

Mlinzi wa taa hakumzuia.

Tulirudi nyumbani bila wimbo. Kuanzia siku ile baba hakusema tena ile. Si ya maji, si ya kiti, si ya sombe. Mama alimletea vitu bila kuombwa, na Jumapili alinunua karanga, akaziweka nyuma ya nyumba ndani ya kofia, na baba aliketi nazo bila kuzigusa. Alikufa kabla ya mvua, mchana, zamu zikibadilishana. Watu walitoka Kisenge na Lubudi kuja kumzika, na mke wa mwenzake alikuja pia, akalia kwa sauti kubwa kuliko sisi, kwa kuwa yeye hakuwa amepata jeneza la kulilia. Kama nyumba ilipata usingizi baada ya hapo sijui. Mimi sikuupata.

Niliporudi kazini baada ya matanga, mkubwa wetu alikuja na pole zake, na koti lake. Kisha akasema kwamba mashini bado ina mtu mmoja aliye chini, jambo ambalo haliwezekani, na kwamba ingekuwa vizuri nilirekebishe mwenyewe, kwa heshima ya marehemu. Nadhani alikuwa na nia njema.

Niliketi. Kwanza niliandika namba ya mwenzake baba, ile niliyoisoma ubaoni siku ile na kuishika kichwani. Nikauliza yuko wapi. *Référence inconnue*. Walikuwa wamekwisha kumfuta zamani, wiki ile ile handaki lilipofungwa. Ubao pekee ndio uliokuwa bado unamjua.

Nikaandika namba ya baba. *Au fond*. Nikaitazama kwa muda, herufi zile za kijani, kitu pekee ofisini kilichokuwa bado kinasema yuko mahali fulani. Kisha nikafanya nilichoagizwa, nikaifuta. Nikauliza tena, kwa mara ya mwisho, nikiandika namba yote pole pole kama nilivyofundishwa kuitamka dirishani kwenye ghala la unga, nikiwa mdogo na mfuko mkononi.

*Référence inconnue*, ikasema mashini. Sawa na ya mwenzake.